Mcheza Kwao Hutuzwa: Kuisoma Sherehe ya Mashujaa ya Kwale kwa Jicho la Kifeministi

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi katika shule za upili tunaifundisha nadharia ya ufeministi kwa namna moja. Tunaandika jina la nadharia ubaoni, tunataja mihimili yake mitatu au minne, kisha tunawaagiza wanafunzi waorodheshe wahusika wa kike na sifa zao: huyu ni mvumilivu, yule ni msaliti, huyu mwingine ni mkombozi. Wanafunzi wanakariri, wanafanya mtihani na kupata alama. Wakitoka nje ya darasa, nadharia yenyewe inabaki ubaoni ikisubiri kufutwa.

Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba nadharia hii inaweza kufundishwa kwa matini ambayo mwanafunzi ameiona kwa macho yake, yaani sherehe ya kitaifa. Tutatumia Sherehe ya Siku ya Mashujaa iliyofanyika katika uwanja wa michezo wa Kwale tarehe 20 Oktoba 2024. Vilevile tutaonyesha hatari inayomkabili mwalimu anayeitumia nadharia hii kwa pupa, kwa maana hatari hiyo ilinipata mimi mwenyewe.

Siku chache baada ya sherehe hiyo, kabla shule hazijafungwa, niliifanya kuwa zoezi katika darasa la Kidato cha Tatu huku upande wa Msambweni. Wanafunzi walikuwa wameitazama kwenye runinga au kwenye simu za wakubwa wao. Nilichora safu mbili ubaoni. Katika safu ya kwanza tuliandika waliokagua gwaride na waliohutubu. Katika safu ya pili tuliandika waliocheza ngoma, waliovaa leso za sare na waliopiga vigelegele. Chini ya safu hiyo ya pili nikaandika kwa herufi kubwa neno moja: MAPAMBO. Nilijiona nimefundisha.

Msichana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mamangu alikuwa mmoja wa wale wachezaji. Alitoka nyumbani kabla ya alfajiri, akarudi usiku sauti imemkauka, na bado alikuwa anacheka. Kumbe alikuwa pambo?"

Darasa liliangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Sikuwa na jibu siku hiyo. Msomaji, makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Ufeministi ni nini, na si nini

Ni vyema tuanze kwa kuondoa dhana potovu. Ufeministi si chuki dhidi ya wanaume, wala si kuhesabu wanawake waliomo katika kazi fulani na kufurahi au kununa kutegemea idadi. Ni mtazamo unaochunguza jinsi jamii inavyogawa uwezo, sauti na heshima baina ya jinsia, na jinsi mgawanyo huo unavyofanywa uonekane kana kwamba ni wa kimaumbile. Mfaransa Simone de Beauvoir, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1949, alieleza kwamba jamii humchukua mwanamume kuwa ndiye kipimo cha utu, na mwanamke akawa "yule mwingine" ambaye huelezwa kwa kulinganishwa na mwanamume. Mnigeria Molara Ogundipe-Leslie, akiandika mnamo 1994, alisisitiza kwamba kwa Afrika mjadala uwe ni wa kuigeuza jamii nzima huku wanawake wakiwa ndani ya mageuzi hayo.

Huku kwetu pwani husikika hoja kwamba mawazo haya ni ya kigeni. Mwalimu asiipuuze hoja hii, bali aijibu kwa mifano ya hapa hapa. Wadigo wa Kwale kwa desturi walifuata ukoo wa kuukeni: mtu alirithi kwa mjomba wake, nduguye mama, kabla ya sheria ya Kiislamu na ile ya serikali kuipa nguvu njia ya baba. Wapo wanaoitaja desturi hiyo kama ithibati kwamba mwanamke wa Kidigo alitawala. Lakini mhakiki makini atauliza: mali ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani? Kwa kiasi kikubwa ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa, yaani kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamume. Mwanamke alikuwa daraja. Daraja lina heshima yake, kwani bila daraja hakuna kuvuka, lakini anayevuka ni mwingine. Msomaji aikumbuke taswira hii ya daraja, kwa sababu tutaikuta tena katika sherehe za dola.

Sherehe kama matini

Kwa nini tuite sherehe matini? Kwa sababu ina kila tunachokichunguza katika tamthilia. Ina jukwaa na hadhira, ina maleba (sare za askari, leso za akina mama, suti za waheshimiwa), ina mfuatano wa matukio, ina usemi na kimya. Pia ina mtunzi, ingawa jina lake halionekani: ni dola inayojisimulia historia yake.

Masimulizi ya tarehe 20 Oktoba yanaanza mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa harakati za uhuru. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kwa miaka mingi siku hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 9, iliibadilisha ikawa Siku ya Mashujaa.

Tazama kilichotokea hapo. Kutoka jina la mtu mmoja tumekwenda kwenye nomino ya wingi isiyotaja jinsia. Mlango umefunguliwa ili aingie Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea waandamanaji Nairobi mnamo Machi 1922 wakidai Harry Thuku aachiliwe, akapigwa risasi akafa. Aingie pia Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha juu kabisa katika jeshi la Mau Mau, na aliyefariki mwaka wa 2023. Waingie maelfu ya wanawake waliofungwa katika kambi ya Kamiti katika miaka ya hamsini. Hata hivyo, mlango kufunguliwa ni jambo moja, na kukaribishwa ndani ni jingine. Mwambie mwanafunzi wako afumbe macho na alitaje shujaa la kwanza linalomjia akilini. Wengi watamtaja mwanamume mwenye silaha.

Hali ni hiyo hiyo hata tukirudi hapa nyumbani. Ukifika Gazi, safari fupi kusini mwa Diani, utaambiwa habari za Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mnamo 1895 na 1896. Ni historia ya kweli na inastahili kusimuliwa. Lakini katika kijiji hicho hicho wapo wanawake waliojenga njia ya mbao kupita katikati ya mikoko na wakaiendesha kwa pamoja. Upo pia mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka wa 2013, ambao huuza hewa-kaboni inayohifadhiwa na mikoko na kutumia mapato yake kwa maji na elimu. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Je, kuulinda mwambao usiliwe na bahari ni ushujaa, au ni kazi tu? Jibu la swali hili linategemea ni nani aliyeshika kamusi.

Sarufi ya jukwaa

Sisi ni walimu wa Kiswahili, na tunacho chombo ambacho wahakiki wa lugha nyingi hawana: kauli za vitenzi. Napendekeza tuisome sherehe kama sentensi. Nani ni kiima? Nani ni shamirisho? Kitenzi kiko katika kauli gani?

Katika sherehe ya Kwale, kama katika sherehe zote za kitaifa, vitenzi vya kauli ya kutenda viko wazi: Rais anakagua gwaride, anahutubu, anatangaza. Ukisikiliza jinsi wanawake wanavyotajwa kwa jumla katika hotuba za namna hii, utasikia zaidi kauli ya kutendwa na ya kutendewa: wanatambuliwa, wanashukuriwa, wanainuliwa, wanatengewa fedha. Hakuna ubaya katika kushukuriwa. Lakini mtu anayetajwa daima katika kauli ya kutendewa hupotea polepole kama mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Hapa msomaji anaweza kunisuta. Mwenyeji wa sherehe ile alikuwa mwanamke! Ni kweli. Fatuma Mohamed Achani alichaguliwa gavana wa Kwale mnamo Agosti 2022 baada ya kuwa naibu gavana tangu 2013. Ndiye mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hii, na wa kwanza kuchaguliwa gavana katika kaunti zote sita za pwani. Msichana wa Kwale aliyezitazama sherehe hizo alimwona mwanamke wa kwao, mwenye buibui na mtandio, akiwa mwenyeji wa taifa zima. Jambo hilo ni zito, na mhakiki asiyeliona ni kipofu. Nchini kote idadi inapanda kwa mwendo wa kobe: mwaka wa 2013 hapakuchaguliwa gavana mwanamke hata mmoja, 2017 wakachaguliwa watatu, na 2022 wakawa saba kati ya kaunti 47.

Lakini tuendelee kuuliza swali letu la sarufi. Mwenyeji ni kitenzi gani? Kukaribisha. Mwenyeji hukaribisha, huandaa, hutandika, kisha humwachia mgeni kiti. Tena, sherehe hiyo ilifanyika siku tatu tu baada ya Seneti kupiga kura ya kumwondoa madarakani Naibu Rais Rigathi Gachagua. Macho ya wengi nchini yalikuwa kwenye kiti hicho kimoja na kwenye wanaume waliokuwa wakikigombania, na maswali kuhusu mwenyeji yakawa machache. Simlaumu gavana kwa hilo. Nauliza ni mfumo gani unaomfanya mwanamke aliyeshinda kura aonekane, kwa saa chache, kama mama mwenye nyumba katika nyumba ya watu wengine.

Mfano wa pili ni wa kiapo. Rais William Ruto alipoapishwa katika uwanja wa Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, aliyemwongoza kutamka kiapo alikuwa mwanamke, Msajili Mkuu wa Mahakama Anne Amadi, mbele ya Jaji Mkuu Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Kwa sarufi yetu, Rais aliapa, mwanamke alimwapisha. Kauli ya kutendesha ni kauli yenye nguvu. Lakini tazama kilichofuata: upanga, alama ya mamlaka, ulitoka mkononi mwa Uhuru Kenyatta ukaingia mkononi mwa William Ruto. Mamlaka yalitoka kwa mwanamume yakaenda kwa mwanamume, na yakapita kwa wanawake. Msomaji atakumbuka mjomba na mpwa. Daraja lile lile.

Lazima hata hivyo tuwe waadilifu. Daraja la Kasarani lina sheria mgongoni. Jaji Mkuu ana uwezo wa kikatiba, na kwa kawaida kiapo huliwa mbele yake. Mwanafunzi mzuri atayaona yote mawili: kwamba mwanamke amefika pahali ambapo hakuwahi kufika, na kwamba upanga haujawahi kubaki mkononi mwake. Akiona moja tu, hajahakiki.

Ujanja wa lugha isiyo na jinsia

Kiswahili hakina viwakilishi vya jinsia. Tunasema "amefika", na msikilizaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke. Wengi wetu tunajivunia sifa hii na kudhani kwamba lugha yetu haina taasubi. Kumbe taasubi ikikosa nafasi kwenye sarufi huhamia kwenye majina ya heshima na kwenye misemo.

Kenyatta aliitwa Baba wa Taifa, na kule Tanzania Nyerere aliitwa vivyo hivyo. Ubaba huo uliwafikia kwa kazi ya siasa. Mama je? Mwaka wa 2019 Sherehe za Mashujaa zilifanyika Mombasa katika bustani iliyo ufuoni yenye jina la Mama Ngina, mke wa rais wa kwanza. Hapa umama umetokana na ndoa. Rais wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 akawa Amiri Jeshi Mkuu, na mara moja watu wakamwita Mama Samia. Ni jina la mapenzi, bila shaka. Lakini ni mara ngapi tumemsikia rais mwanamume akiitwa Baba kabla hajamaliza wiki moja ofisini? Huku Kenya, mbunge mwakilishi wa wanawake katika kaunti naye huitwa mama wa kaunti, kana kwamba alipigiwa kura ili akapike.

Si kwamba neno "mama" ni baya. Kwetu pwani ni neno la adabu ya juu. Swali ni iwapo adabu hiyo humpa mwanamke sauti au humweka jikoni kwa upole.

Mama wa jukwaani na mama wa bungeni

Jibu la swali hilo tulipewa na Kwale yenyewe. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, aliyekuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa kaunti hii, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kitaifa na mtoto wake mchanga wa miezi mitano. Spika wa muda aliyekuwa kitini, Christopher Omulele, alimwamuru atoke. Kwa kanuni za Bunge, asiye mbunge ni mgeni, na mtoto yule alikuwa mgeni. Kulizuka zogo, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka naye. Mheshimiwa Zuleikha alieleza kwamba siku hiyo alikuwa na dharura na hakuwa na pa kumwacha mtoto. Hayo yalitokea miaka miwili baada ya Sheria ya Afya ya 2017 kuwataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha.

Mwalimu, weka tukio hili kando ya sherehe yoyote ya kitaifa na uwaachie wanafunzi walinganishe. Uwanjani, umama husifiwa: mama ndiye mlezi wa taifa, ndiye nguzo ya jamii. Ukumbini, umama wenyewe, ukiwa na mwili, maziwa na mtoto anayelia, uliambiwa utoke. Kwa lugha ya uhakiki, jamii inaipenda taswira ya mama kuliko inavyompenda mama. Ukumbi uliundwa kwa mtu ambaye mtoto wake daima yuko na mtu mwingine. Mtu huyo kihistoria ni mwanamume, na wala haikuhitajika kanuni yoyote kumtaja.

Ndiyo maana idadi peke yake haitoshi, ingawa nayo ni muhimu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza jambo hilo, hata mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sherehe zikaendelea.

Ngoma: pambo au neno?

Sasa turudi kwa mama wa yule msichana. Kosa langu lilikuwa wapi?

Nilipoandika neno MAPAMBO, nilidhani kwamba kucheza ngoma ni jambo la chini kwa asili yake, na kukagua gwaride ni jambo la juu kwa asili yake. Huo ni mtazamo wa kibabedume niliouvalisha kanzu ya ufeministi. Nilichukua kipimo cha jukwaa nikakitumia kumpima mwanamke ambaye jukwaa lenyewe lilikuwa limempunja.

Historia ya Wamijikenda ingenikanya. Wadigo na Waduruma wa Kwale ni ndugu wa Wagiriama walio upande wa Kilifi, na ni kwa Wagiriama ambako Mekatilili wa Menza aliongoza upinzani mnamo 1913 dhidi ya kodi na dhidi ya vijana wao kuchukuliwa kufanya kazi za wakoloni. Mekatilili hakuwa na bunduki wala cheo. Alitumia ngoma ya kifudu, ambayo kwa desturi ilihusiana na mambo ya matanga, kuwakusanya watu kijiji hadi kijiji, na akawala viapo pamoja nao huko Kaya Fungo. Wakoloni walimwelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa mama wa mwanafunzi wangu. Hawakusema ni pambo. Walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakawapeleka mbali hadi Kisii. Mwaka wa 1914 wawili hao walitoroka wakarudi pwani.

Msomaji ataona kwamba tendo ni lile lile: wanawake wanacheza, wanaimba, watu wanakusanyika. Mwaka wa 1913 lilikuwa ni siasa. Katika ratiba ya sherehe za leo linaitwa burudani. Kilichobadilika ni nafasi ambayo mwandaaji wa ratiba ameipa ngoma. Huwekwa kabla mkuu hajafika, au katikati ya hotuba ili watu wasichoke, na maneno ya wimbo hayachapishwi popote wala hayafasiriwi kwa ajili ya taifa. Maneno ya hotuba huwekwa katika kumbukumbu za dola. Maneno ya mama hubaki hewani.

Kwa hiyo, jibu sahihi kwa yule msichana lilikuwa hili: mama yako si pambo. Mama yako alifanywa pambo, na hiyo ni kauli ya kutendwa, kwa hivyo tunapaswa kuuliza mtendaji ni nani. Kisha tuulize swali la pili ambalo sikuliuliza kabisa siku ile: mama yako aliimba nini?

Nilipomuuliza hatimaye, alisema hajui maneno yote, lakini angemuuliza mama yake. Wiki iliyofuata ilikuwa ya kufunga. Alinitajia kwa ufupi kwamba wimbo wenyewe ulikuwa wa kumkaribisha mgeni, ila ulikuwa na ubeti mmoja juu ya maji, mwendo wa kuyafuata na uzito wa ndoo. Kwa maneno mengine, mbele ya mkuu wa nchi, kwa Kidigo na kwa kucheka, kundi la wanawake lilikuwa limewasilisha ombi. Mimi nilikuwa nimelipa alama ya sufuri.

Namna ya kufundisha darasani

Tunapendekeza mwalimu awaongoze wanafunzi kwa maswali manne, yaulizwe kwa mpangilio huu:

1. Nani yupo na nani hayupo? Hapa wanafunzi wahesabu. Ni hatua ya kwanza tu, wasiishie hapo.

2. Nani anatenda, nani anatendewa, na uwezo unatoka kwa nani kwenda kwa nani? Hapa watumie kauli za vitenzi.

3. Wanaotajwa wanaitwa kwa majina gani, na majina hayo yametokana na kazi zao au na uhusiano wao na wanaume?

4. Sauti ipi imesikika lakini haikusikilizwa? Hapa mwanafunzi atoke darasani akaulize. Swali hili ndilo linalomzuia mhakiki kuwa hakimu wa watu asiowajua.

Baada ya hapo warudi kwenye vitabu. Mfano mzuri ni tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyowahi kuwa kitabu teule. Humo utawala wa Majoka unaandaa maadhimisho ya uhuru, na wachongaji wanatarajiwa kuchonga vinyago vya mashujaa. Sudi anachonga shujaa mwanamke. Asiya anapata zabuni ya kuoka keki ya sherehe. Tunu anauguza mguu aliovunjwa na wahuni, na bado anaongoza umma. Mwanafunzi aliyezoea njia ya zamani ataandika kwamba Tunu ni jasiri na Asiya ni msaliti, basi. Mwanafunzi aliyeyapitia maswali manne atauliza zaidi: kwa nini njia iliyo wazi kwa Asiya kuingia katika sherehe ya dola ni ya jikoni? Kwa nini shujaa wa kike achongwe na mwanamume ndipo aonekane? Na je, mwandishi mwenyewe anatupa jibu gani umma unapoiacha sherehe rasmi na kukusanyika kwingine? Maswali haya yanazaa insha zenye uhai, na mtahini huyatambua mara moja.

Mwalimu awe tayari pia kwa wavulana watakaojihisi wameshtakiwa. Awaeleze kwamba mfumo unaomwambia msichana apige vigelegele ndio huo huo unaomwambia mvulana asilie, ajikaze kiume, na kwamba shujaa wa kweli hufa mapema. Wao pia wana haki ya kuuliza ni nani aliyewaandikia nafasi hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba sherehe ya kitaifa ni matini kamili, na kwamba uhakiki wa kifeministi hautosheki kwa kuhesabu vichwa jukwaani. Unafuata njia ya uwezo, unachunguza majina na unasikiliza sauti zilizozimwa. Tumeona vilevile kwamba mhakiki asipojichunga, anaweza kuwanyamazisha wanawake mara ya pili kwa jina la kuwatetea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wanawake wa Kwale walicheza kwao tarehe 20 Oktoba 2024. Tuzo ambayo sisi walimu wa fasihi tunaweza kuwapa ni ndogo lakini ni ya haki: kuyaandika maneno yao, kuyasoma darasani na kuyahakiki kwa makini yale yale tunayoyatumia kwa hotuba na vitabu. Tangu siku ile nimeacha kuandika safu mbili ubaoni. Naanza kwa kuuliza: nani hapa ana mtu wake aliyekuwa uwanjani, na alisema nini?